Jinsi ya Kukumbuka Kumshukuru Mungu kwa Yale Aliyokutendea

Maombi ya kuomba yana mpangilio mzuri sana hapa Nairobi. Kuna ibada za saa saba mchana katikati ya jiji ambako wafanyakazi huingia wakiwa bado na kadi za kazi shingoni, kuna kesha za Ijumaa, kuna mifungo ya Januari, na kuna vikundi vya WhatsApp ambamo mtu akiandika kwamba mtoto wake amekimbizwa hospitalini, wenzake huanza kuitikia na kuomba kabla hata daktari hajamwona mgonjwa. Ombi lina siku yake, saa yake na watu wake. Shukrani, kwa upande mwingine, huachiwa moyo, nao moyo ukishatoka katika shida moja hukimbilia nyingine, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji mtu amalize kushangilia karo iliyolipwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kukumbuka kumshukuru Mungu asianze kwa kujilaumu kwamba moyo wake ni mgumu, bali aanze kwa kuipa shukrani mpangilio uleule alioupa ombi.

Andika ombi kabla halijajibiwa

Hatua ya kwanza huja mapema kuliko wengi wanavyodhani, yaani kabla baraka yenyewe haijafika. Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wale wenye ukoma kumi walimwita Yesu kwa sauti wakiwa mbali, naye akawatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani. Walipokuwa njiani wakienda, wakatakasika. Hawakuponywa wakiwa wamepiga magoti, wakitazama juu. Waliponywa wakiwa katika mwendo, na Luka anasema kwamba yule mmoja, Msamaria, alirudi alipoona kuwa amepona. Kuona ndiko kulikomrudisha. Wale wengine tisa huenda walifurahi vilevile, ila hakuna kilichowasimamisha.

Baraka nyingi za mjini huja kwa namna hiyohiyo. Mtu huomba kazi kwa miezi mingi, kisha anaipata kupitia simu ya binamu yake, na mshahara wa pili unapoingia, kazi ileile imekwisha kuwa jambo la kulalamikia: msimamizi ni mkali, msongamano wa Barabara ya Mombasa haukwishi, nauli imepanda. Hakusudii kukosa shukrani. Amesahau tu hali aliyokuwa nayo alipokuwa akiomba, kwa sababu hakuiandika mahali popote.

Nunua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kushoto uwe wa ombi, na ule wa kulia uuache mtupu. Usiandike "Bwana nibariki" au "fungua milango", maana maneno kama hayo hayana namna ya kujulikana yamejibiwa lini. Andika tarehe, kiasi, jina la mtu, na kile unachohofia. Chukua mfano wa mama anayeishi Kayole, ambaye ukurasa wake wa kushoto umeandikwa hivi: "Januari 6. Karo ya muhula wa kwanza, imebaki 11,400. Shule imesema asirudi bila kulipa nusu." Ukurasa wa kulia, kwa kalamu ya rangi nyingine, una mistari mitatu iliyoingia kwa siku tofauti: "Januari 9, shemeji ametuma 4,000, sikuwa nimemwomba. Januari 13, chama chetu cha akiba kimenikopesha 5,000. Januari 14, mtoto amerudi shule, salio tutalipa mwisho wa mwezi."

Tazama jinsi jibu hilo lilivyokuja vipande vipande, kwa njia tatu, na mojawapo ni deni. Lisingeandikwa, mama huyo angesimulia mwezi wa Machi kwamba walijikaza wakalipa, na angeamini hivyo kwa dhati. Daftari ndilo linalomwonyesha shemeji ambaye hakuombwa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, kinawaonya Waisraeli juu ya hatari hiyohiyo: kwamba watakula na kushiba, watajenga nyumba nzuri, fedha yao itaongezeka, kisha watasema moyoni kwamba uwezo wa mkono wao wenyewe ndio uliowapatia utajiri. Onyo hilo halikutolewa kwa watu wenye njaa. Lilitolewa kwa ajili ya siku ya shibe.

Tumia kumbukumbu ambazo tayari unazo

Asiyependa kuandika asikate tamaa, kwa sababu simu yake inamwandikia kila siku. Ujumbe wa M-Pesa hutaja aliyetuma, kiasi, tarehe na saa. Mwisho wa mwezi, badala ya kutazama tu fedha zilizotoka na kuhuzunika, pitia zile zilizoingia, au chukua taarifa ya miezi kadhaa uisome kwa utulivu. Tenga malipo uliyoyafanyia kazi na yale yaliyokuja bila kutarajiwa, kisha jiulize kila moja lilikukuta ukiwa katika hali gani. Kuna mia tatu ambazo ziliingia siku ambayo hukuwa na nauli ya kurudi nyumbani, nazo zinastahili kukumbukwa kuliko elfu kumi za siku ya kawaida.

Kalenda ya simu nayo iwekewe tarehe za kurudi kila mwaka: siku mgonjwa aliporuhusiwa kutoka hospitalini, siku ya ajali ambayo abiria wote walishuka wazima, siku barua ya kazi ilipofika. Twakumbushwa siku za kuzaliwa za watu tusiowasalimu mwaka mzima. Hatushindwi kukumbushwa siku hizi pia.

Pia tunza kitu kinachoshikika. Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa kutwaa mawe kumi na mawili kutoka kati ya mto, nayo yakasimamishwa Gilgali ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kusimulia. Samweli naye alisimamisha jiwe baada ya vita na kuliita Eben-ezeri, akisema, "Hata sasa Bwana ametusaidia." Nyumba ya chumba kimoja kule mtaa wa Pipeline haina nafasi ya mawe, lakini karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, risiti ya karo iliyokamilika au funguo za nyumba ya kwanza mliyopanga baada ya arusi vinaweza kukaa katika bahasha moja juu ya kabati, vikitolewa na kuonyeshwa watoto wanapoanza kuuliza maswali.

Shukuru siku hiyohiyo

Sheria ya sadaka ya shukrani katika Mambo ya Walawi, sura ya 7, ina sharti linalofundisha sana: nyama yake ililiwa siku ileile ilipotolewa, na haikuachwa hata asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza mnyama mzima kwa siku moja, hivyo mwenye kushukuru alilazimika kuwaita wengine, tena kwa haraka. Shukrani iliyoahirishwa hupungua nguvu, kisha hugeuka kuwa nia njema, na baadaye husahaulika.

Kwa hiyo habari njema ikikufikia, kabla hujampigia mtu simu na kabla hujaiweka kwenye hali yako ya WhatsApp, simama hapo ulipo useme sentensi mbili: ni nini kilichotendeka, na asante kwa hicho. Ukiwa ndani ya matatu ya Rongai yenye muziki wa kutikisa viti, ndiyo nafasi nzuri kabisa, kwa kuwa hakuna atakayekusikia. Maombi marefu yatafuata jioni. Hizo sentensi mbili kazi yake ni kuzuia habari isipite kabla haijatambuliwa imetoka wapi.

Katika hili majirani zetu Waislamu wametutangulia, nami sioni aibu kulisema. Atakayekaa karibu nao Eastleigh au South C atasikia "Alhamdulillahi" baada ya kupiga chafya, baada ya chakula, na katika kujibu salamu hata siku ambayo mambo si mazuri; tena wapo wanaosujudu sijida ya shukrani papo hapo wapatapo habari ya furaha. Mkristo hana haja ya kuiga maneno yao ili ajifunze wepesi wao.

Taja kitu chenyewe, ukifuate hadi kilikotoka

"Asante Mungu kwa kila jambo" ni sala sahihi, lakini ikiwa ndiyo pekee, baada ya muda haishiki kitu. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya hurudia kwamba fadhili zake ni za milele, lakini haisemi hivyo katika hewa tupu: inataja mbingu, jua na mwezi, inataja Bahari ya Shamu, inawataja wafalme Sihoni na Ogu kwa majina, na karibu na mwisho inafika kwenye chakula cha kila mwenye mwili. Mtunzi alikuwa na orodha.

Zoezi linalofaa ni kuchagua kitu kimoja kwa siku na kukifuata nyuma. Chukua maji yanayotoka kwenye mfereji wa ploti, yaani nyumba za kupanga, mtaani Umoja. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Mito inayolijaza hushuka kutoka misitu ya milima ya Aberdare, hivyo mvua ya masika isiponyesha vizuri kule, jiji linatiwa kwenye mgao huku. Kutoka huko maji husafiri kupitia mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu, yakaja hadi matangi ya Gigiri, ndipo yagawanywe mitaani. Mwenye kuyafuata namna hiyo anajikuta ameshukuru kwa wingu, kwa msitu, kwa fundi wa mabomba na kwa mlinzi wa bwawa ambaye hatawahi kumwona, nayo sala yake haitafanana na ya jana.

Mitaa mingi hupata maji siku chache tu za juma, na siku hizo zenyewe zinaweza kuwa kengele. Mtungi unapojaa, unasimama tu ukingoja. Kungoja huko kutie maneno ya shukrani. Ndivyo shukrani inavyodumu bila nguvu nyingi, ikifungwa kwenye tendo ambalo lazima litafanyika: kuingiza tokeni za stima, kushuka kwenye gari salama, kupiga komeo usiku baada ya kuhakikisha kwamba wote wameingia. Mtu anayejiwekea saa mpya kabisa ya shukrani, saa kumi na moja alfajiri kwa mfano, wakati anaamka saa kumi kuwahi kazi Industrial Area, anajitengenezea sababu ya kushindwa.

Sala ya chakula ingefaa kufufuliwa pia, kwa maana katika nyumba nyingi imekuwa mbio za kuwahi ugali usipoe. Kila jioni mtu mmoja, hasa mtoto, ataje jambo moja la siku hiyo. Mtoto atashukuru kwa chapati, au kwa kuwa mwalimu wa hesabu hakuja. Msimrekebishe. Akizoea kutazama siku yake na kutafuta humo kitu cha kushukuru, mambo makubwa atayaona mwenyewe kwa wakati wake.

Usimruke mtu ambaye Mungu alimtumia

Yusufu alipokuwa gerezani Misri alimfasiria ndoto mkuu wa wanyweshaji, akamwomba jambo moja tu, kwamba amtaje kwa Farao atakapokuwa ametoka. Biblia inasema mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka, na ikapita miaka miwili mizima kabla Farao hajaota ndoto iliyomfanya akumbuke. Inawezekana mtu huyo alikuwa amemshukuru Mungu wake kwa kurudishwa kazini, huku aliyemtia moyo akiendelea kuozea gerezani.

Wapo wanaosema "ni Mungu tu" kwa unyenyekevu, na wapo wanaolisema ili wasiwe na deni kwa mtu yeyote. Hao wa pili ndio waliotungiwa ile methali kwamba shukrani ya punda ni mateke. Ukimshukuru Mungu kwa ada iliyolipwa, mpigie simu shangazi aliyekuchangia, umweleze fedha yake ilifanya nini: mtoto yuko darasa gani sasa, alifanya mtihani gani. Mpigie siku ambayo huna ombi jingine. Akishika simu na kungoja kwa wasiwasi useme unachotaka, kisha asikie kwamba ulitaka kumwambia asante tu, utajua kwa ukimya wake kwamba jambo hilo halimfikii mara nyingi.

Harambee za matibabu zina upungufu wake hasa hapa. Kikundi huundwa kwa siku moja, watu mia mbili huongezwa, michango hutangazwa kila saa, kisha mgonjwa akitoka hospitalini kikundi hufa kimyakimya, wanachama wakiondoka mmoja mmoja usiku. Mwekahazina anapaswa kuandika ujumbe wa mwisho: jumla iliyopatikana, bili ilikuwa kiasi gani, kama kuna salio limekwenda wapi, na mgonjwa anaendeleaje. Ikiwezekana mgonjwa mwenyewe atume sauti yake, hata kama ni dhaifu. Ujumbe huo ni wa hesabu, lakini ni ibada pia, kwa sababu watu mia mbili wanapata la kumshukuru Mungu nalo, ambalo vinginevyo wasingelijua.

Ushuhuda na sadaka

Kutoa ushuhuda kanisani au katika jumuiya ni njia ya zamani ya kuilinda shukrani isisahaulike, kwa kuwa waliokusikia watakukumbusha. Andaa kabla ya kusimama. Eleza shida kwa ufupi, eleza lililotendeka, shukuru, kisha uketi. Dakika tatu zinatosha. Mwenye kuongeza mahubiri ya pili baada ya yale ya mchungaji huwafanya watu waanze kutazama saa. Usitoe hadharani siri ya ugonjwa wa mwanao au ya ndoa ya dada yako bila ruhusa yao, hata kama Mungu ametukuzwa ndani yake.

Kumbuka pia nani ameketi mbele yako. Unaposhuhudia juu ya mtoto uliyejaliwa, huenda katika safu ya tatu yuko mwanamke ambaye ameomba mtoto kwa miaka mingi. Hana wivu, anaweza hata kuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini ukisema umepata kwa kuwa ulifunga siku ishirini na moja bila kuyumba, umemwambia kwamba yeye hakufunga vya kutosha. Simulia fadhili ya Mungu bila kuweka kanuni yake.

Kuhusu sadaka ya shukrani, itenge mara fedha inapoingia, na iwapo bahasha ya kanisa lenu ina nafasi ya kuandika sababu, usiiache tupu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, aliyeleta limbuko, yaani mavuno ya kwanza, ndani ya kikapu hakukiweka chini na kuondoka. Alitakiwa kusimulia mbele ya kuhani jinsi baba zao walivyoteswa Misri na jinsi walivyotolewa huko. Baada ya hapo alifurahia mema hayo pamoja na Mlawi na mgeni aliyeishi kati yao. Hivyo mfuko wa unga kwa mlinzi wa ploti au kwa jirani aliyeachishwa kazi unahesabiwa katika shukrani hiyohiyo, na usikope kwenye simu ili utoe. Anayefundisha kwamba sadaka ya shukrani hufungua mlango wa baraka inayofuata ameirudisha shukrani kuwa ombi kwa jina jingine, nami ningemshauri msikilizaji ashike bahasha yake kwanza afikiri.

Ukurasa wa kulia ukibaki mtupu

Kuna maombi yatakayokosa jibu, au jibu litakuwa ni kaburi kule Lang'ata. Mtu asilazimishwe kushukuru kwa ajili ya kifo, wala asijilazimishe. Zaburi za maombolezo zimo katika Biblia ileile yenye zaburi za sifa. Linalowezekana, kwa wakati wake, ni kushukuru kwa yaliyokuwa ndani ya msiba: waliokuja kila jioni ya matanga na sukari na majani ya chai bila kuitwa, muuguzi aliyejibu kila swali bila ukali, miaka mliyoishi pamoja. Haya yaandikwe kwenye ukurasa wake. Ukurasa wa ombi lenyewe uachwe ulivyo, bila kujazwa maneno ya kuupamba.

Daftari lifunguliwe angalau mara moja kwa robo mwaka, na bila kukosa tarehe 31 Desemba kabla ya kwenda kesha la mwaka mpya. Familia ikae, isome kwa sauti kurasa za kulia tu, mmoja akisoma na wengine wakiitikia maneno ya Zaburi ya 103, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Kusoma huku kumalizike kabla ya mtu yeyote kuandika ombi la mwaka unaoanza, kwa kuwa orodha mpya ikitangulia, ile ya zamani haitapata nafasi. Maombi ambayo bado hayajajibiwa yanakiliwe katika daftari jipya kwa tarehe yake ya kwanza, isiyobadilishwa, ili siku jibu litakapokuja ijulikane lilingojewa tangu lini.